Kachumbari ya nyanya za bustani yangu inajaa maji, ya nyanya za sokoni haijai. Kosa liko wapi?

#1 Mama Bustani
Habari zenu wadau. Kuna jambo linaninyima raha tangu mwezi wa sita. Hapa Uyole, Mbeya, nyuma ya nyumba, nina matuta manne ya nyanya, moja la vitunguu maji, hoho kidogo, giligilani na mche mmoja wa pilipili mbuzi. Vyote nimeotesha mwenyewe kwa samadi ya ng'ombe. Nyanya zimekubali, nyekundu, zinapendeza. Lakini nikikata kachumbari, robo saa haijaisha bakuli limejaa maji, vitunguu vinaelea na ladha imepoa. Jumapili nilikuwa na wageni kutoka Vwawa, nikashindwa kuiweka mezani.

Kesho yake nikanunua nyanya soko la Mwanjelwa, zile ndefu kama yai. Kisu kilekile, chumvi ileile, ndimu zilezile. Ilikaa mpaka jioni imesimama vizuri. Sasa nataka kujua, kosa liko shambani au jikoni? Namwagilia kila jioni. Mbegu ni za dukani, pakiti ilikuwa na picha ya nyanya ya mviringo, jina silikumbuki.

#2 Fundi Mafinga
Ngoja waje wenye ujuzi. Mimi natia nanga hapa, maana kwangu ni hivyohivyo.

#3 Kijana wa Ntokela
Ni chumvi, mama. Kilo moja ya nyanya ina karibu gramu 940 za maji. Ukitia chumvi unayaita yatoke, kama unavyoona dagaa au kabichi ikitiwa chumvi. Kata kila kitu, changanya, weka ndimu, chumvi inyunyize mkiwa mmeshakaa kula. Nyumbani Tukuyu tunafanya hivyo na hatujawahi kuona bwawa kwenye bakuli.

#4 Mama Bustani
Asante kijana wangu. Lakini chumvi nilitia kiasi kilekile, na kwa wakati uleule, kwenye zile za sokoni. Zenyewe hazikutoa maji. Hapo ndipo ninapokwama.

#5 Binti Ilula
Kamwene wote. Mimi nyanya nimezijua kabla sijajua kusoma. Dada, hizo ndefu ni Tanya, Cal J, Roma au chotara za jamii hiyo. Zimechaguliwa ziwe na nyama nene, ute kidogo na ganda gumu, zivumilie tenga na barabara ya kwenda Dar es Salaam. Zako za mviringo huenda ni Money Maker au ndugu zake. Hizo zina vyumba vikubwa vya ute na ganda jembamba.

Chukua moja ya kwako na moja ya sokoni, zikate kwa upana, ziweke pamoja kwenye sahani. Utaona mwenyewe maji yanakotoka. Wala hujakosea kulima. Umepanda nyanya ya mchuzi na ya kutafuna mbichi, halafu unaidai kazi ya nyanya ya safari.

#6 Dereva wa Semi
Binti Ilula umenikumbusha zile ndoo za nyanya kando ya barabara. Nikipita Iringa Vijijini hapo kwenu lazima nisimame.

#7 Binti Ilula
Dereva, Ilula iko Wilaya ya Kilolo. Unayosema ni habari ya zamani, kabla Kilolo haijawa wilaya. Na ukishuka mpaka Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu, bado uko Kilolo. Karibu usimame tena.

#8 Ugani Mstaafu
Nimefanya kazi ya ugani nyanda hizi miaka mingi, naomba nikubaliane na Binti Ilula nusu tu. Aina ya mbegu ina neno, lakini mama amesema mwenyewe: "namwagilia kila jioni". Uyole mwezi wa saba jua ni la upole na usiku ni baridi, udongo haukauki haraka. Mmea unaonyweshwa kila siku unajaza tunda maji, utamu unazimuka. Wenzetu wa vitunguu wanalijua hili, kama wiki mbili kabla ya kung'oa wanafunga maji, la sivyo kitunguu hakikai ghalani.

Chimba kwa kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Mwagilia kwa kina kila baada ya siku tatu au nne, asubuhi, kwenye shina na si kwenye majani, kwa sababu majani yakilala na maji, bakajani, yaani ugonjwa wa ukungu wa majani, haliko mbali. Tandaza nyasi kavu. Matunda yakianza kubadilika rangi, punguza.

Ila usikate maji ghafla halafu ukayarudisha kwa fujo. Hapo nyanya zinapasuka, na zile changa zinaoza kitako.

#9 Kijana wa Ntokela
Mzee shikamoo. Kuoza kitako si ugonjwa wa ukungu? Mimi huwa napiga dawa.

#10 Ugani Mstaafu
Marahaba. Si ukungu. Tunda limekosa madini ya kalisi kwa sababu maji yanakuja leo, kesho hayapo. Kalisi husafirishwa na maji. Hiyo dawa yako imekula pesa bure. Rekebisha umwagiliaji kwanza, kisha utazame kama udongo wako ni wa tindikali na unahitaji chokaa.

#11 Dada Njombe
Mimi sikubali habari ya maji. Za kwangu zilikaa siku tisa bila tone, mpira uliharibika. Kachumbari ikatoka vilevile, ya maji na haina harufu. Kwangu mimi naona ni baridi. Huku nyanya haiivi, inabadilika rangi tu. Tunaichuma ina weupe kwa kuogopa sakitu, ile barafu ya usiku inayounguza majani, tunaiweka dirishani, inakuwa nyekundu wiki mbili baadaye. Nyanya ya Desemba kutoka tuta lilelile ni kitu kingine kabisa, ukiikata mtoto anatoka chumbani kuuliza unapika nini.

#12 Mwalimu wa Maabara
Dada Njombe ana hoja, niiongezee nyama. Harufu ya nyanya huacha kutengenezwa vizuri tunda likikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi kwa siku kadhaa. Ndiyo maana nyanya ya kwenye friji huwa kama karatasi. Sasa fikirini: jikoni kwa mtu wa Mbeya mwezi wa saba, alfajiri, ni nyuzi ngapi? Wengi wetu tunaweka nyanya kwenye friji bila kuwa na friji.

Baridi ikiwa kali zaidi inaumiza kuta za seli, tunda linalainika, na ukilikata linaachia maji kirahisi. Hivyo Mama Bustani atwambie: anachuma zikiwa na rangi gani, na anazilaza wapi?

#13 Mama Bustani
Nachuma zikianza wekundu, kwa sababu ya kuku wa jirani. Nalaza kwenye ungo, chumba cha stoo, sakafu ya saruji. Mwalimu umenishtua, kile chumba ni baridi kweli.

#14 Mzee Makete
Nawasalimu. Makete tunaijua baridi kuliko nyote. Mwaka juzi nilipanda miche kumi upande wa kaskazini wa ukuta wa matofali, maana mwezi wa sita na wa saba jua kwetu linapita kaskazini. Ukuta unaota jua mchana kutwa na usiku unarudisha joto. Ile ya uwanjani sakitu iliifanya majani meusi usiku mmoja. Ya ukutani nilikula mpaka mwezi wa nane. Kachumbari yake haikuwa na maji mengi. Sijui ni joto au ni nini, naeleza nilichokiona.

#15 Kyela Juani
Poleni na baridi wakuu. Sisi huku chini karibu na ziwa tunalia na joto, maua ya nyanya yanapukutika mwezi wa kumi na moja. Na kachumbari yetu inatoa maji pia. Kwa hiyo baridi msiisingizie kila kitu.

#16 Mpishi wa Kambi
Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyetaja kisu. Nimepika miaka kumi na minne kwenye kambi za watalii upande wa Ruaha. Kisu butu hakikati nyanya, kinaiponda. Kila ukiminya unapasua nyama na maji yanatoka kabla hujafika nusu. Nolea kisu, weka ganda la nyanya chini na nyama juu, ukate kwa kuvuta.

Pili, toa ute. Kata nyanya mara nne, pitisha kidole, mbegu na ute vibaki pembeni. Kata nyama vipande vidogo sawasawa. Tia chumvi kidogo, weka kwenye chujio dakika kumi, mwaga maji. Ndipo uchanganye na kitunguu, hoho, giligilani, pilipili na ndimu. Wageni wetu waliita salsa mbichi. Kwa wenyewe Meksiko, hiyo ya kukatakata inaitwa pico de gallo, yaani mdomo wa jogoo. Ukiiweka karibu na kachumbari yetu utaona ni ndugu.

#17 Mnyalukolo
Salsa si ni ya Uhispania?

#18 Mpishi wa Kambi
Neno ni la Kihispania, maana yake mchuzi tu. Chakula chenyewe ni cha Meksiko. Nyanya na pilipili zote asili yake ni bara la Amerika, na watu wa huko walikuwa wakiziponda pamoja kabla Mhispania hajafika. Wanatumia kinu cha jiwe la volkano. Ninyi wa Rungwe jiwe hilo mnalikalia, jaribuni. Kausha nyanya, kitunguu, kitunguu swaumu na pilipili kwenye kikaango kisicho na mafuta mpaka ganda liungue madoa, halafu ponda. Hiyo haina shida ya maji kabisa, moto umeshayamaliza.

#19 Mwalimu wa Maabara
Mpishi, kwenye kutoa ute tunaachana njia. Ule ute ndio wenye ladha nzito, ile inayofanya mchuzi uwe mtamu mdomoni hata bila nyama, na asidi nyingi iko humohumo. Nyama peke yake ni tamutamu tu. Ukitupa ute umeponya maji, umeua kachumbari. Na yale maji ya kwenye chujio unayomwaga, yanywe uone.

#20 Mpishi wa Kambi
Sikusema nilikuwa namwaga yote. Maji yale nilipikia wali. Lakini kachumbari ya kukaa mezani saa mbili na watu sitini haiwezi kuwa na ute, mwalimu. Nimejaribu zote mbili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

#21 Dada Njombe
Na kitunguu je? Bibi yangu alikuwa anakikata pete nyembamba, anakisugua na chumvi, anakiosha maji mara tatu. Huenda maji ya Mama Bustani yanatoka kwenye kitunguu, si kwenye nyanya.

#22 Binti Ilula
Hapo kuna kitu. Kitunguu kikikatwa ndipo ukali wake unapoumbika, maji baridi yanauondoa. Lakini wengi tunaosha halafu hatukamui. Kinaingia kwenye bakuli kimebeba nusu kikombe cha maji. Kiweke kwenye kitambaa safi ukikamue mpaka kiwe kikavu mkononi. Kwetu tukiwa na kitunguu chekundu kipya hatukioshi, tunakilaza kwenye ndimu peke yake. Kinakuwa cha waridi na ukali unatulia.

#23 Fundi Mafinga
Kitunguu bila kuosha, huyo mkwe utaongea naye umesimama mbali.

#24 Binti Ilula
Mkwe wangu ndiye aliyenifundisha, fundi.

#25 Mnyalukolo
Tusisahau pilipili. Kama hutaki ukali sana toa mbegu, mbegu ndizo zenye moto.

#26 Ugani Mstaafu
Mbegu zinasingiziwa. Moto uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, mbegu zinapakwa tu kwa kuwa jirani. Toa utando. Na ukishakata pilipili mbuzi, paka mafuta ya kula mikononi kisha osha kwa sabuni. Maji matupu hayaondoi. Usiguse jicho la mtoto.

#27 Dereva wa Semi
Nauliza nje ya mada kidogo. Mke wangu anataka kutengeneza salsa nyingi nyanya zikishuka bei, aiweke kwenye chupa aiuze. Si anachemsha tu chupa dakika kumi basi?

#28 Mwalimu wa Maabara
Dereva, hapa naomba usome polepole, ni habari ya uhai. Kuna bakteria anayekaa kwenye udongo, anapenda mahali pasipo na hewa, na sumu yake haina harufu wala ladha. Anazuiwa na asidi. Chakula cha chupa kinatakiwa kiwe na pH, yaani kipimo cha asidi, isiyozidi 4.6; namba ikishuka, asidi imezidi. Nyanya inacheza hapohapo mpakani, wakati mwingine inavuka, na ukiongeza kitunguu, hoho na kitunguu swaumu unazidi kupunguza asidi. Kwa hiyo siki au maji ya limau ya kutosha ni lazima, kwa kipimo, si kwa kuonja.

Jambo la pili ni la kwetu sisi wa milimani. Maji hayachemki nyuzi 100 huku. Kila ukipanda kama mita 300 unapoteza nyuzi moja hivi. Mbeya mjini, karibu mita 1,700, yanachemka nyuzi 94. Kyela ni kama 98. Dakika zilizoandikwa kwa watu wa pwani hazitoshi huku, lazima ziongezwe. Na ile salsa mbichi, isiyopikwa, isiingie chupa ya kukaa kabatini kabisa. Ni ya kuliwa siku hiyo, au friji siku mbili tatu.

#29 Dereva wa Semi
Mwalimu umeokoa watu. Nimemsomea kwa simu, amesema kwanza atatafuta mafunzo ya usindikaji pale SIDO, shirika la viwanda vidogo.

#30 Kyela Juani
Kwa hiyo ndiyo maana maharage Mbeya yanakula mkaa gunia zima!

#31 Mzee Makete
Ndiyo hiyo, mjukuu wangu. Makete ni gunia na nusu.

#32 Dada Njombe
Kabla hatujaenda mbali na maharage: nani amejaribu matunda damu, yale wengine wanayaita nyanya za mti, badala ya nyanya? Huku yanazaa mpaka tunagawa. Mimi namwagia maji ya moto dakika moja, ganda linavuka kirahisi, maana ganda lake ni chungu. Nakata na kitunguu, giligilani, pilipili na parachichi lililoiva wastani. Chachu yake inatosha, ndimu siweki. Na maji hayatoki mengi. Kwa nyama ya kuchoma, sioni cha kuifikia.

#33 Mpishi wa Kambi
Dada, hiyo ningekuweka kwenye orodha ya chakula cha kambi kesho asubuhi.

#34 Ugani Mstaafu
Neno moja kwa wote wenye bustani, kabla sijasahau. Tangu kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, aingie nchini 2014, watu wanapiga dawa jioni na kuchuma asubuhi. Kachumbari haipikwi. Kila dawa ina siku zake za kusubiri zimeandikwa kwenye kibandiko, zihesabu. Na maji ya kuoshea nyanya, hasa za kuliwa mbichi na watoto, yawe yaliyochemshwa au yenye dawa ya maji. Nimeona kijiji kikiugua kwa sababu ya bakuli moja la msibani.

#35 Mama Bustani
Nimerudi, asanteni sana. Nilikaa siku kumi bila kuandika kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza.

Matuta mawili niliendelea kumwagilia kila jioni, mawili nikayamwagilia kila siku ya nne kama mzee alivyosema. Nikaacha nyanya ziive mtini mpaka nyekundu kabisa (kuku nimewawekea wavu). Sikuzipeleka stoo, zilikaa jikoni karibu na jiko la mkaa. Jumamosi nikanoa kisu nikakata mabakuli matatu, chumvi na ndimu sawa, vitunguu nimevikamua.

La kwanza, nyanya za tuta la maji mengi: maji yalitoka, lakini hayakufikia yale ya mwanzo. La pili, za tuta kavu, na ute wake: maji kidogo, kama vijiko vinne, na harufu ilijaa nyumba. La tatu, za tuta kavu, nimetoa ute: lilisimama mpaka usiku kama la sokoni. Lakini watoto walimaliza la pili kwanza, wakanywa na maji yake. La tatu lilibaki nusu.

#36 Mpishi wa Kambi
Safi. La tatu limesimama, nilisema.

#37 Mwalimu wa Maabara
Na la pili limeliwa, nilisema. Ila mama, umebadilisha mambo mengi kwa mpigo: kisu, kuiva mtini, joto la jikoni, kukamua vitunguu. Hata bakuli la kwanza limepunguza maji, na lenyewe lilimwagiliwa kama zamani. Sasa hatujui ni lipi kati ya hayo lililofanya kazi. Ungeweka ungo mmoja tena kule stoo, nyanya za tuta lilelile, tungepata jibu la baridi.

#38 Ugani Mstaafu
Tofauti ya la kwanza na la pili ni maji ya bustani tu, mwalimu. Hapo jibu lipo.

#39 Binti Ilula
Na zote bado ni nyanya za mviringo. Msimu ujao panda tuta moja la Tanya kando yake tuone.

#40 Mama Bustani
Nitapanda. Na ungo wa stoo nimeuweka leo, nyanya kumi na mbili.

#41 Fundi Mafinga
Mama, mimi naomba mbegu za hiyo pilipili mbuzi. Na za nyanya pia kama unakausha.

#42 Mama Bustani
Za pilipili nitakuwekea, mche ni wa kienyeji, bibi alinipa Tukuyu. Za nyanya sikushauri, kama ile pakiti ilikuwa chotara watoto wake hawatafanana na mama yao. Pilipili ziache ziwe nyekundu mtini, anika kivulini, usianike juani. Ukipita Uyole nitumie ujumbe, nitakuwa nimezifunga kwenye karatasi.